Ardhi Tuliyoipima Kiangazi

Salome mwanangu,

Umeenda Nanyala kumuaga bibi yako, na najua hatakuacha uondoke mpaka umekula ugali wake na kubebeshwa mfuko wa maharage usiouhitaji. Mpaka urudi nina mchana mzima. Upepo wa Julai unapiga bati, vumbi la Vwawa linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na sanduku lako liko mlangoni na kufuli lake. Sitakuandikia kuhusu sabuni, wala wavulana, wala kusali. Hayo umeyasikia kwangu, kwa bibi na kanisani, na mengine unayajua kuliko mimi. Nataka kukuandikia kuhusu ardhi iliyo chini ya bweni la shule ya kule bondeni Momba utakalolala kuanzia kesho.

Unajua sehemu tu ya habari hii. Unajua kwamba mimi ndiye niliyeipima ardhi ile. Tulipogombana mwezi uliopita nilikueleza kwa hasira, na mtu anayeeleza kwa hasira huchagua vipande vinavyomtetea. Leo nitaweka na vile vingine.

Wewe huwaambia wenzako kwamba mama yako ni injinia, na mimi huliacha neno hilo lipite kwa sababu linanifurahisha. Kwa kweli kazi yangu ya kila siku ni kupiga chuma ardhini. Tunasimamisha fimbo ya chuma yenye ncha, mmoja anaishika isiyumbe, mwingine anainua nyundo na kuiachia, wa tatu anaandika chuma kimezama kiasi gani. Kikizama kwa shida, ardhi inabeba. Kikizama upesi, haibebi. Mtoto wa darasa la pili angeelewa. Tatizo ni kwamba chuma hakikuambii ugumu ule umetoka wapi.

Chukua visahani viwili, vilowanishe kidogo, vibandike. Kuvitenganisha ni kazi. Sasa vitumbukize ndani ya ndoo ya maji, vinaachana vyenyewe. Udongo nao uko hivyo. Yale maji machache yanayobaki kati ya chembe wakati wa kiangazi huzivuta chembe zishikane, na udongo mweusi wa bondeni unakuwa mgumu kama tofali lililochomwa. Mvua ikiingia, mvuto ule unakwisha. Mahali ni palepale na udongo ni uleule, lakini nguvu uliyoiona Oktoba haikuwa ya udongo. Ilikuwa ya ukame.

Na sisi tunapima lini? Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai. Mpaka barua zizunguke na vibali vitoke, ni Septemba, ni Oktoba. Januari barabara za Momba hazipitiki, gari linazama mpaka mlangoni. Kwa hiyo tunakwenda wakati gari linafika, na gari linafika ardhi ikiwa imekauka. Karibu kila kitu kinachojulikana maofisini kuhusu ardhi ya kule bondeni kilijulikana kiangazi. Si kwamba hatujui. Chuoni tulifundishwa dawa yake: chimba shimo, lijaze maji, ngoja ardhi iyanywe, lijaze tena, siku nzima na usiku wake, ndipo upige chuma. Unaipa ardhi masika ya bandia ikuonyeshe itakavyokuwa. Ni kazi rahisi mahali penye maji.

Oktoba ya mwaka juzi nilikwenda na Osia, yule anayeinua nyundo, ambaye wewe humwita anko. Uwanja wa bweni ulikuwa umesafishwa tayari, miti imekatwa, wanakijiji wamesomba mawe yakawa lundo kubwa kama nyumba. Mtendaji wa kijiji alikuwa amewaagiza akina mama walete maji ya mradi, na walikuja wakiwa wengi, kila mmoja na ndoo kichwani, kutoka kwenye visima wanavyochimba ndani ya mchanga wa mto uliokauka. Waliziweka chini kwa uangalifu, kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia.

“Haya ni ya kuchanganyia zege?” mmoja aliuliza. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, na baadaye nilijua anaitwa Mama Jestina.

“Hapana, mama. Ni ya kumwaga humu.”

“Humu wapi?”

“Humu shimoni.”

Aliangalia shimo, kisha akaniangalia mimi, kuanzia kofia hadi viatu. “Halafu?”

“Halafu tunangoja ardhi iyanywe. Kisha tunamwaga mengine.”

“Labda shimo lake lina homa,” mwenzake alisema, na wote wakacheka. Mama Jestina hakucheka.

“Binti, wewe umesoma mpaka ukapitiliza,” alisema. “Mimi nimekaa kisimani tangu jogoo hajawika, nakwangua mchanga kwa bakuli. Wajukuu wangu hawajaoga tangu Jumapili. Na wewe unataka nilinyweshe shimo.”

Nilimwaga ndoo mbili. Ardhi iliyanywa yale maji kwa sauti, Salome, sauti ndogo ya kufyonza, na wale wanawake walisimama wakiitazama. Nikaona aibu ambayo siwezi kukueleza vizuri. Nikamwambia Osia inatosha.

“Inatosha wapi, injinia? Hata haijalowa kiganja.”

“Umeipiga asubuhi. Umeona ilivyo ngumu.”

“Mikono yangu ndiyo imeona.”

“Basi. Hata ikipungua nusu, bado inabeba bweni lisilo na ghorofa. Warudishie maji yao.”

Waliyachukua. Walinishukuru, mmoja akatufungia karanga kwenye kitambaa. Tulizila njiani tukirudi, na nakumbuka nilijiona mtu mwema. Nilifikiri: hawa ofisini hawajui ndoo ya maji ni nini, ila mimi najua, mimi nimechota maji Nanyala na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ulikuwa wewe. Nilitaka wanawake wale wanione kuwa ni wao, si binti wa kofia ngumu aliyekuja kumwaga maji yao. Nilitaka wanipende, Salome. Nimelitafakari jambo hili mpaka limenichosha, na kila ninapochimba nakutana na jiwe hilohilo.

Nitakuambia kitu kingine ambacho hatujawahi kukizungumza. Nilikuzaa nikiwa kidato cha tatu. Nilifukuzwa, nikakaa nyumbani, nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea nikiwa nimekunyonyesha usiku kucha, na nikapata nafasi chuoni. Bibi yako alisema, nenda, mtoto huyu ni wangu. Siku ya kuondoka niliambiwa nikuage. Sikukuaga. Nilingoja mpaka ulipolala mchana, nikachukua begi nikatokea mlango wa nyuma kupitia shamba la kahawa, ili usilie. Niliita jambo lile huruma. Bibi aliniambia miaka mingi baadaye kwamba ulipoamka ulinitafuta chini ya kitanda, ndani ya pipa la mahindi, chooni, na kwamba kwa muda mrefu ulikuwa ukikataa kulala mchana. Niliporudi likizo ulikuwa unaniita dada. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, nikakuacha uniite hivyo mpaka ulipoanza shule, kwa sababu kukusahihisha kungehitaji nikueleze kwa nini hukuwa unanijua.

Sikuandikii haya ili unisamehe. Nimekwisha kuona namna unavyonitazama, na si ya mtu anayeshika kinyongo. Nayaandika kwa sababu ni jambo lilelile. Mara zote mbili nilimhurumia mtu, nikaamua kwa niaba yake, nikaondoka kimya kimya nikiwa nimefurahi.

Sasa nirudi bondeni.

Februari iliyofuata tulipita njia ile kwa kazi nyingine, kwa bahati mvua ilikuwa imepumzika siku chache na gari likafika. Kabla ya kijiji palikuwa na stoo ya mahindi pembeni mwa barabara. Ukuta wake mmoja ulikuwa umelala chini wote, mzima mzima, kama karatasi iliyopinduliwa. Mlinzi alikuwa amelala nyuma ya ukuta ule ulipomwangukia. Walikuwa wamekwisha kumzika. Osia aliuliza stoo ilijengwa lini, wakamwambia, juzi tu, ilikuwa mpya. Tukaangalia msingi wake. Hakuna kilichokuwa kimevunjika, saruji ilikuwa nzuri. Ardhi tu ndiyo ilikuwa imevimba upande mmoja na kulegea upande wa pili.

Tulipofika shuleni nilishusha chuma mwenyewe. Tulitafuta mahali hatua chache kutoka kwenye msingi wa bweni, ambalo sasa lilikuwa limefika kwenye lenta, juu ya madirisha, mafundi wako juu wanapiga miluzi. Osia akasimamisha fimbo, akaanza kuinua nyundo.

“Ngoja,” nikamwambia. “Iachie fimbo kwanza.”

Aliiachia. Chuma kikashuka chenyewe, polepole, bila kupigwa, kama kisu kwenye ugali. Kilishuka mpaka Osia akalazimika kukishika kisipotee.

“Hapa ni palepale?” aliniuliza.

“Palepale.”

“Basi Oktoba tulipiga nini?”

Nilikwenda kwa mkandarasi. Aliniangalia kutoka juu ya ukuta, mtu mchangamfu, hakuwa mbaya. “Injinia, jengo limekataa kuanguka, wewe unataka kulisukuma?” Mafundi wakacheka. Nikarudi ofisini nikamwambia bosi wangu. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea, akafunga mlango, akasema, “Umri wako bado mdogo. Majibu ni yako, sahihi ni yako. Ukisema hayafai, wa kwanza kuulizwa ni nani? Tulia. Mwaka mpya wa fedha tutaliangalia.”

Nilitulia. Hapo ndipo kosa lilipobadilika. Maji niliyoyarudisha Oktoba yalikuwa ujinga wa mtu mwenye moyo. Kunyamaza kwa Februari hakukuwa ujinga. Nilikuwa nimeona chuma kinavyoshuka. Nilikuwa na kazi niliyoipigania, nilikuwa na wewe ukiwa umetoka kwa bibi kuja kuishi nami, hatimaye, na chumba chako, na meza yako ya kusomea. Nikajiambia ni bweni la chini tu, halina ghorofa. Nikajiambia nyumba nyingi katika udongo ule hupasuka na kuzeeka bila kumdhuru mtu, na hilo ni kweli, bado ni kweli, sitaki uende ukiamini kwamba unaingia kaburini. Lakini nilikuwa nalitumia kama blanketi. Bweni likaezekwa, likapakwa rangi, wasichana wakaingia. Masika yaliyopita mvua zilikuwa haba, bweni likapata nyufa kwenye pembe za madirisha, wakaziba kwa saruji na kupaka rangi juu. Watu wakasema, mnaona, limesimama. Kumbe halijaonja mvua yenyewe.

Kisha majina ya kidato cha tano yakatoka. Ulikuja mbio kutoka kwa jirani ukiwa na simu yake mkononi, umefurahi, tahasusi uliyoitaka, na ukanisomea jina la shule. Uliona uso wangu. Uliniuliza kama nina homa.

Unajua nilichofanya. Nilizunguka kwa watu ninaowajua, nikaomba, nikalia mbele ya mtu mmoja, na nikapata nafasi ya kukuhamishia huku Mbozi, shule ya kutwa, ungelala nyumbani. Nilirudi nikiwa nimenunua soda. Nikakwambia hutakwenda tena bondeni. Ukauliza kwa nini, na nilikuwa mwepesi kiasi kwamba nikakwambia. Sikutegemea swali lako. Hukupaza sauti hata kidogo, ulikuwa umeshika ile chupa hujaifungua.

“Kwa hiyo kitanda changu atalala nani?”

Nikasema hilo si juu yetu.

“Mama, nani atalala pale?”

“Atapangiwa mwingine.”

“Huyo mwingine mama yake anajua anachojua mama yangu?”

Nilikufokea. Nilisema mambo kuhusu kukuzaa na kukulea ambayo nayaonea haya. Nilisema huna shukrani. Uliiweka soda mezani ukaenda kufua, na ulifua mpaka jua likazama, nguo ambazo hazikuwa chafu. Siku kadhaa hatukusemeshana. Asubuhi moja nikaenda bondeni kwenye kikao cha bodi ya shule na wazazi, bila kuitwa.

Sikukwambia yaliyotokea kule, ila kwamba nimesema na kwamba nimesimamishwa kazi. Sasa nitakwambia.

Kikao kilikuwa ndani ya bwalo. Nilipopewa nafasi nilisema kwa kifupi: mimi ndiye niliyepima ardhi ya bweni, nilipima kiangazi bila kulowanisha, majibu yale hayawezi kutumika masika, na ninaomba mvua zikianza wasichana wasilale mle mpaka ardhi ipimwe upya. Wakaongea wote kwa pamoja. Mzee mmoja akasimama akiwa ameshika mgongo wake. “Mawe yale nimeyabeba kwa mgongo huu,” alisema. “Leo binti unatuambia tubomoe?”

“Sijasema mbomoe, baba.”

“Ulipima ukasema pazuri.”

“Nilisema.”

“Sasa tuamini mdomo upi, ule au huu?”

Mwingine akauliza kwa kejeli, “Tumesikia binti yako amepangiwa hapahapa. Utamleta?” Watu wakageuka. Hapo nikaelewa mtego ulivyo. Nikikuhamisha, nimeokoa wangu na kuwaachia wao. Nikikuleta, watasema hata injinia amemleta mwanawe, bweni ni zima. Mwili wako ungekuwa ushahidi kwa vyovyote vile. Nikasema, “Hilo ataamua mwenyewe, nimemweleza kila kitu.” Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa jibu la kwanza la aina hiyo maishani mwangu.

Kisha Mama Jestina akasimama kule nyuma. Nilikuwa sijamwona. Nilidhani atanitukana, na ningeona amenitendea haki.

“Yale maji,” alisema. “Tungekuachia, ungejua?”

“Ndiyo, mama. Ningejua.”

“Yalikuwa ya hilo?”

“Yalikuwa ya hilo.”

Watu wakaanza kukohoa. Kisha akasema, bila hasira, na ndiyo maana limenikaa, “Mbona hukusema? Ulisema unamwaga shimoni. Ungesema ni kwa ajili ya watoto wasiangukiwe na ukuta, tungeyabeba siku tatu. Uliona hatuna akili ya kuelewa, au uliona hatuna watoto?”

Nimeyarudia maneno yake kila siku tangu hapo. Nilikuwa nimewahurumia sana kiasi cha kutowauliza. Niliona ndoo zao na uchovu wao, nikaona ni watu wa kupunguziwa mzigo, sikuona ni watu wa kuelezwa jambo. Mjukuu wake yuko bweni lile, Salome. Utamkuta. Anaitwa Jestina kama mama yake, yuko kidato cha pili.

Bodi iliamua hivi, na ninaandika maneno ya mwenyekiti kama alivyoyasema: “Mvua zikianza tutaangalia.” Mkuu wa shule alinifuata nje, mama mpole anayeongea kwa kunong’ona hata akiwa peke yake, akaniambia kwamba madarasa mawili yanaweza kulaza wasichana wakibanana, lakini hawezi kutoa amri peke yake kabla kitu hakijaonekana. Nikamuuliza ni kitu gani kingetosha kuonekana. Alinishika mkono tu. Ofisini wakaniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa.

Huo ndio ukweli wote. Sina ahadi ya mtu yeyote mwenye mamlaka. Nilichonacho ni watu wawili. Osia amesema ataazima chuma siku ya mapumziko yake, na akikosa atanichongea kingine kwa fundi wa vyuma Tunduma, kwa kuwa si kitu cha ajabu, ni fimbo na nyundo. Na Mama Jestina alinifuata mpaka barabarani siku ile nikingoja gari, akaweka ndoo yake tupu chini. “Njoo mwezi wa kumi,” alisema. “Shimo lako tutalinywesha. Ila safari hii utasimama uwaeleze wote, mmoja mmoja, mpaka yule mwenye mdomo wa homa.” Tukacheka sote wawili pale barabarani. Nitakuja Oktoba. Tutalowanisha, tutapiga chuma mbele ya bodi, mbele ya wazazi, mbele yako ukipenda, na wataona kikishuka. Sidhani kuna mwenyekiti anayeweza kukitazama kikishuka vile akasema tutaangalia. Lakini nimekosea mara nyingi kuhusu watu, kwa hiyo siweki roho yangu yote hapo.

Wasiwasi wangu ni kwamba mvua haingoji kikao. Inaweza kuwahi. Mwaka mwingine inapiga Oktoba yenyewe, mvua moja kubwa juu ya ardhi iliyopasuka, na maji yanaingia kwenye mipasuko moja kwa moja mpaka chini ya msingi. Mvua hiyo ya kwanza ndiyo ninayoiogopa.

Nafasi ya Mbozi bado iko, nimeuliza jana. Ukibadili mawazo kesho asubuhi, au ukiwa njiani, au baada ya wiki tatu, nipigie kwa simu ya mwalimu na nitakuja kukuchukua, na sitakuona mwoga, wala wewe usijione. Swali lako kuhusu kitanda lilikuwa la haki. Lakini halikuwa deni lako kulilipa kwa kulala mle. Ni langu. Nimejaribu kukwambia hivyo mara mbili wiki hii na umenijibu, “Mama, nimeshaamua,” ukaendelea kukunja sketi. Ningeweza kukuzuia. Ningeweza kuficha barua ya kujiunga, kufunga sanduku, kungoja mpaka ulale. Naujua mlango wa nyuma. Safari hii sitautumia. Kesho nitakusindikiza stendi ukiwa macho nami nikiwa macho, na kama ni kulia tutalia mbele za watu.

Usiwaeleze wenzako kwa kuwatisha. Waeleze kama nilivyokueleza visahani, wanaelewa upesi. Anza na Jestina. Chagueni vitanda vya upande wa mlango, na wale wadogo wa kidato cha kwanza wasiachiwe kile cha mwisho chini ya ukuta mrefu, ambao hauna dirisha. Wakubwa hupenda kuwasukuma wadogo huko kwa sababu huko kuna joto. Mwaka huu wewe ni mkubwa.

Kisha sikiliza jambo hili moja, ndilo nililotaka kufikia tangu mwanzo. Ardhi ile ikianza kulegea haitapiga kelele. Ukuta hautakuonya. Kitakachoonya ni mlango, kwa sababu ardhi ikisogea fremu yake ndiyo hupinda kwanza. Mvua ikiwa imenyesha, na ukausukuma mlango wa bweni, mlango uliofunguka jana bila shida, ukakuta umekaza chini au unasugua juu, usitafute sababu nyingine. Usiseme ni kutu. Usimtafute matroni kwanza wala usingoje kengele, hata kama mvua inamwagika nje, hata kama ni katikati ya mtihani. Piga bega mpaka ufunguke, waamshe wote, hesabuni wadogo, mtoke na mablanketi mkakae bwaloni. Ukuta ukisimama mpaka asubuhi watakucheka. Watakucheka muhula mzima, watakuita binti wa injinia anayeogopa milango.

Waache wakucheke, mwanangu. Ila wakucheke wakiwa nje.

Mama yako